Mwalimu wa Chekechea Aliyeingia Albany

Ukimtaja Shirley Chisholm, wanaomfahamu watakimbilia mwaka 1972, alipogombea urais wa Marekani. Wengine watakukumbusha uchaguzi wa 1968, uliomfanya mwanamke mweusi wa kwanza kuingia Kongresi kule Washington. Miaka minne ya katikati, 1965 hadi 1968, aliyokaa katika bunge la jimbo la New York, hupewa sentensi moja ya kupitia. Ile kumi na minane aliyoitumikia elimu, kuanzia 1946, hupata nusu sentensi. "Zamani alikuwa mwalimu." Basi, imetosha, twende kwenye siasa.

Mimi niliyewahi kushika chaki siridhiki na mpangilio huo. Nimesoma habari za Chisholm kwa muda mrefu, na kila nikirudi kwake naona sheria alizozipigania Albany zinanukia darasa. Kampeni ya urais ilikuwa ya kishujaa, sibishi, lakini ilikuwa ya miezi michache. Anayetaka kumjua aanzie kwenye viti vile vifupi vya chekechea.

Kwa asiyezoea mambo ya Marekani: kila jimbo kati ya yale 50 lina bunge lake, na bunge hilo si la mapambo. Ndilo linalotunga sheria za shule, za ajira, za nyumba za kupanga, hata masharti ya nani apige kura. La New York hukutana Albany, karibu kilomita 240 kaskazini mwa Jiji la New York. Lina mabaraza mawili, na lile la chini, liitwalo Assembly, lilikuwa na wabunge 150 Chisholm alipoanza kazi Januari 1965. Washington ilizizungumzia shule kwa mbali. Albany ndiko ilikoamuliwa fedha kiasi gani zitumike kwa kila mwanafunzi.

Alizaliwa Brooklyn tarehe 30 Novemba 1924. Baba yake, Charles St. Hill, alikuwa mzaliwa wa Guyana ya enzi za Waingereza na alifanya kazi kiwandani. Mama yake, Ruby Seale, alitoka Barbados. Alikuwa fundi cherehani na mfanyakazi wa ndani kwenye nyumba za watu. Mishahara yao haikutosha kulea na kuweka akiba kwa pamoja, basi mwishoni mwa miaka ya 1920 Shirley na wadogo zake wawili wakapelekwa Barbados kwa bibi yao mzaa mama. Msomaji wa huku kwetu hatashangaa. Kulelewa na bibi kijijini huku wazazi wakihangaika mjini ni historia ya nusu ya watu ninaowajua. Alikaa huko hadi 1934. Shule yake ilikuwa jengo la chumba kimoja, madarasa yote humo humo, kwa nidhamu kali ya Kiingereza, na utu uzima wake wote aliamini kwamba ufasaha wake wa kusema na kuandika aliupata pale.

Kisha akarudi Brooklyn, hajafikisha miaka kumi. Shule mpya ikampima. Kusoma na kuandika alikuwa mbele ya rika lake. Historia na jiografia ya Marekani hakuijua, na angeijulia wapi? Wakamweka darasa la watoto aliowazidi miaka miwili. Mtoto akachoka kukaa bure, akaanza utundu, kurusharusha vitu darasani. Bahati yake, mwalimu mmoja akang'amua kwamba tatizo si tabia. Akatafutiwa mtu wa kumfundisha pembeni yale masomo mawili, na haukupita muda mrefu akawa amewafikia wenzake, kisha akawapita.

Jambo hili nimeliona kwa macho. Mtoto yuko darasa la nne shule ya serikali, hesabu anazipiga bila kidole. Mzazi amepata vijisenti, anamhamishia English medium. Anapewa mtihani wa kujiunga, wote kwa Kiingereza, na matokeo yakitoka anarudishwa darasa la pili. Mahali nilipofundisha tulikuwa nao kila Januari, warefu kuliko madawati yao, wamejikunja safu ya nyuma, kimya. Katika ofisi ya walimu kulikuwa na jina lao: wazito. Hakuna aliyekuwa amewauliza chochote kwa Kiswahili.

Kwa ninavyomsoma mimi, Chisholm mbunge alitoka kwenye safu hiyo ya nyuma. Alijua kwa mwili wake kwamba mtihani hupima ulichofundishwa, na kwamba mwenye kuusahihisha hupenda kudhani amepima akili. Karibu kila muswada wake wa maana Albany ukiufungua utakutana na wazo hilo.

Alisoma Chuo cha Brooklyn, akahitimu sosholojia mwaka 1946, pamoja na Kihispania, ambacho kilikuja kumlipa baadaye. Chuoni alikuwa mkali wa midahalo. Mhadhiri wake mmoja alimshauri aingie siasa, naye akamjibu kwamba amesahau mambo mawili: mimi ni mweusi, tena mwanamke. Kwa msichana mweusi wa kipato chake, ualimu ndio uliokuwa mlango uliofunguka. Hata huo ulifunguka kwa kusukumwa, maana alikuwa mdogo wa umbo na wenye shule walimwona kama mtoto mwenzao wa wale watoto. Hatimaye kituo cha kulelea watoto cha Mount Calvary, Harlem, kikamchukua kama mwalimu msaidizi. Alikaa hapo miaka saba, jioni akisoma shahada ya uzamili ya elimu ya watoto wadogo katika Chuo Kikuu cha Columbia.

Kutoka hapo akapanda kuwa mkuu wa kituo, kwanza Brooklyn, halafu Hamilton-Madison, kusini mwa Manhattan, 1954 hadi 1959. Hicho cha pili kilikuwa na watoto wapatao 130, wa miaka mitatu hadi saba, na watumishi 24. Anayedhani hiyo ni kazi ya kuimba na kupiga makofi hajawahi kuwa mkuu wa shule ya awali hata kwa juma moja. Kuna mzazi anayechelewa kumchukua mtoto kwa sababu bosi hamruhusu kutoka. Kuna bajeti ya maziwa. Kuna mwalimu mjamzito anayeficha tumbo asije akapoteza kazi. Kuna mtoto wa Puerto Rico anayefahamu kila kitu kwa Kihispania na anaonekana bubu kwa Kiingereza. Mwaka 1959 Jiji likamchukua kuwa mshauri wa elimu katika idara ya ustawi wa watoto, akawa anakagua na kushauri vituo vingi badala ya kimoja. Alipoingia bungeni miaka michache baadaye hakuhitaji kamati ya uchunguzi imweleze maisha ya wapiga kura wake. Alikuwa amewapokea mlangoni kila asubuhi.

Siasa aliianzia chini kabisa, kwenye klabu ya chama cha Democratic ya mtaani kwao, Bedford-Stuyvesant. Viongozi walikuwa wazungu, wakazi wakizidi kuwa weusi, na wanawake walikuwa na kazi yao maalumu: kuandaa bahati nasibu na hafla za kuchangisha fedha. Chisholm alipewa kupamba maboksi ya sigara ya kuwekea tiketi. Akayapamba, kisha akaanza kuuliza kwa nini wanawake wanaoleta fedha hawapangiwi hata senti ya kuendeshea shughuli zao. Nani asiyeijua hali hii? Kwenye vyama vyetu kuna akina mama wa vitenge na ngoma za kumpokea mgeni rasmi, na kuna watu wa meza kuu. Yeye alihama klabu, akashirikiana na wenzake kuunda nyingine mwaka 1960, na miaka miwili baadaye klabu hiyo mpya ikampeleka mtu wao, Thomas R. Jones, katika bunge la jimbo. Jones alipoingia ujaji mwaka 1964, kiti kikabaki wazi. Wanaume wa klabu walikuwa na majina yao. Chisholm akawaambia zamu ni yake.

Alipokuwa anakusanya sahihi za kumdhamini, mzee mmoja alimsimamisha njiani: mama, umempikia mumeo chai asubuhi? Nyumba umefagia? Akamjibu kwa upole kwamba mumewe yuko sawa, na akaendelea kumweleza sera zake. Hiyo ndiyo subira ya mwalimu wa chekechea, anayeulizwa swali lile lile mara kumi kabla ya saa nne. Novemba hiyo alipata kura zaidi ya 18,000, na mpinzani aliyemfuatia hakufikisha 2,000.

Alikuwa mwanamke mweusi wa pili katika historia ya bunge hilo, baada ya Bessie Buchanan wa Harlem aliyechaguliwa 1954. Alipofika, nyumba ilikuwa inawaka. Chama chake kilikuwa kimeshinda mabaraza yote mawili kwa mara ya kwanza tangu miaka ya 1930, na badala ya kutunga sheria kikaingia kwenye ugomvi wa nani awe spika, Anthony Travia au Stanley Steingut. Wote wawili walitoka Brooklyn, ila Steingut ndiye aliyekuwa na wakubwa wa chama wa Brooklyn nyuma yake. Mbunge mgeni, tena wa Brooklyn, alitarajiwa ajue pa kusimama. Chisholm akasimama na Travia, aliyekuwa kiongozi wao walipokuwa upande wa upinzani. Aliona ndiye aliyekitumikia cheo hicho. Mvutano ulichukua wiki kadhaa, na Travia akashinda kwa msaada wa kura za chama hasimu cha Republican. Sifa ya Chisholm ya kutoshikwa na mtu, ile aliyoigeuza baadaye kuwa kaulimbiu ya kampeni, hajanunuliwa na hana bosi, ilianza kuonekana hapo.

Maisha ya Albany kwake yalikuwa ya upweke. Bunge lilikaa siku za katikati ya juma, wabunge wakilala hotelini, na jioni wanaume walikwenda kwenye baa na mikahawa ambako mambo mengi yalimalizwa. Yeye alirudi chumbani na rundo la miswada, akaisoma kama anavyosoma mwalimu madaftari ya darasa zima. Upweke ule nauona kama nguvu, ingawa yeye mwenyewe sidhani aliupenda. Mbunge aliyesoma muswada wote ni kero kwa kila mtu.

Muswada ninaoupenda kuliko yote ni ule ulioleta programu ya SEEK, mwaka 1966. Chisholm na wabunge wenzake weusi na wa Puerto Rico waliusukuma pamoja. Si haki kumpa yeye peke yake sifa hiyo, na Percy Sutton wa Harlem hakosi kutajwa. Kiini chake kilikuwa hiki: kijana wa mtaa maskini aliyemaliza sekondari bila alama za kutosha aingizwe Chuo Kikuu cha Jiji la New York hata hivyo, apewe masomo ya kuziba mapengo, mshauri wa kumfuatilia na posho ya kujikimu. Wapinzani wa mawazo ya namna hii walilalamika kwamba chuo kitashushwa hadhi. Lakini soma muswada ule ukiwa na yule mtoto wa Barbados kichwani. Aliwekwa darasa la wadogo, akapata mtu wa kumfundisha pembeni, akawapita wenzake. SEEK ni utaratibu ule ule, umepanuliwa, umewekwa kwenye bajeti ya serikali. Na walimu walioitikia wito wake hawakuwa wa kubahatisha. Katika City College, kimojawapo cha vyuo vya chuo kikuu hicho, walifundisha humo Audre Lorde, June Jordan, Adrienne Rich na Toni Cade Bambara, waandishi ambao leo vyuo vikuu vinawafundisha wao.

Alipigania pia kuongezwa kwa kiwango cha juu ambacho shule zingeruhusiwa kutumia kwa mwanafunzi mmoja. Hilo nalipita. Ni muhimu, lakini kila mwalimu anayeingia bungeni hulisema.

La lugha silipiti. Tangu miaka ya 1920 New York ilidai kwamba mpiga kura mpya athibitishe anajua kusoma na kuandika Kiingereza. Watu wa Puerto Rico ni raia wa Marekani, na mamia kwa maelfu walikuwa wamehamia New York; mtu alikuwa amemaliza shule kwao, anasoma gazeti la Kihispania kila siku, na bado mbele ya karani wa uchaguzi alihesabiwa hajui kusoma. Chisholm alisimama dhidi ya kipimo hicho, akisema kwamba mtu kuimudu zaidi lugha yake ya kuzaliwa si ushahidi kwamba hana elimu. Mwaka 1965 Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ikapitishwa Washington, ikiwa na kifungu kilichowalinda waliosoma Puerto Rico hadi darasa la sita, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya Marekani ikakithibitisha.

Wasomaji wa Tanzania wasilione hili kuwa la mbali. Uchaguzi wa Tanganyika wa 1958 na 1959 ulikuwa na masharti ya mpiga kura: kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya kiwango fulani, au kazi ya aina fulani. Wazee wetu wengi walioendesha mashamba, vyama vya ushirika na mabaraza ya ukoo walikaa nje wakisubiri matokeo. Tulichokuja kuandika sisi katika Katiba, kwamba anayegombea ubunge ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, Chisholm angekielewa bila kuelezwa. Lile "au" ndilo alilokuwa anawadai wenzake.

Sheria nyingine mbili zilitoka moja kwa moja kwenye watu aliowafahamu. Mwalimu mwanamke aliyekatiza kazi kwa ujauzito alikuwa anapoteza haki za ajira ya kudumu alizozikusanya kwa miaka. Chisholm akafanikisha kubadilishwa kwa utaratibu huo. Ukifikiri, ni wabunge wangapi kati ya wale 150 waliowahi kuandika ratiba ya shule ambayo mwalimu wake yuko likizo ya uzazi? Na wafanyakazi wa ndani, ambao hawakuwa na kinga yoyote siku tajiri akisema kesho usije, wakaingizwa katika bima ya kukosa ajira. Mama yake mwenyewe alikuwa mmoja wao. Huku kwetu dada wa kazi anaweza kufukuzwa usiku na kupandishwa basi la alfajiri na begi lake, na mtaa mzima ukaona ni jambo la kawaida. Hoja ya kumwekea bima ingeangusha watu vicheko bungeni. New York iliijadili katikati ya miaka ya 1960 kwa sababu kuna mtu aliyeileta.

Kwa miaka minne aliwasilisha miswada kama 50, na 8 ikawa sheria. Wapo wanaoisoma hesabu hiyo kama kushindwa. Mimi nasema mbunge mgeni asiye na genge, asiyekwenda baa, aliyeanza kwa kuwaudhi wakubwa wa chama chake, akipata 8 amefanya kazi. Ila nakubali kwamba upole wa kujenga makundi hakuwa nao, na kuna miswada iliyokufa ambayo labda ingepona kwa mtu mwenye marafiki zaidi. Pia alilazimika kugombea mara tatu ndani ya miaka mitatu, 1964, 1965 na 1966, kwa sababu mipaka ya maeneo ya uchaguzi ilikuwa inachorwa upya. Mara zote tatu alishinda.

Mipaka ya maeneo ya Kongresi nayo ilichorwa upya, na ndiko kulikozaa kiti kipya cha Kongresi Brooklyn mwaka 1968. Alimshinda James Farmer, kigogo wa harakati za haki za raia, ambaye kampeni yake ilipenda kusisitiza kwamba mtaa unahitaji sauti ya mwanaume. Chisholm aliwahutubia akina mama wa Puerto Rico kwa Kihispania. Washington wakamkaribisha kwa kumpangia Kamati ya Kilimo, yeye wa Brooklyn. Akakataa hadharani, akahamishiwa masuala ya maveterani, na mwaka 1971 akafika alikotaka, Kamati ya Elimu na Kazi. Mwaka huo huo mabaraza yote mawili ya Kongresi yalipitisha sheria ya kuanzisha vituo vya kulelea watoto nchi nzima, jambo ambalo yeye na Bella Abzug, mbunge mwenzake wa New York, walikuwa wamelipigia kelele kwa muswada wao mkubwa zaidi. Desemba Rais Nixon akaikataa kwa kura ya turufu. Nadhani hilo lilimuuma kuliko kushindwa kwa kampeni ya urais, ambayo tangu mwanzo alijua haishindi. Wafanyakazi wa ndani hakuwasahau: mwaka 1974 waliingizwa katika sheria ya kima cha chini cha mshahara ya taifa, naye akiwa mstari wa mbele.

Aliacha Kongresi Januari 1983, akiwa na miaka 58. Mume wake wa pili, Arthur Hardwick, ambaye walijuana Albany wote wakiwa wabunge, alikuwa ameumia vibaya katika ajali ya gari, na Washington ya Reagan haikuwa na hamu na miswada ya aina yake. Wengi wa rika lake waliotoka Kongresi waligeuka kuwa washawishi wa makampuni, kazi inayolipa. Yeye alikwenda Chuo cha Mount Holyoke, Massachusetts, akafundisha hadi 1987 kozi za siasa zinazogusa wanawake na rangi, na katikati ya hapo akafundisha pia Spelman, Atlanta. Rais Clinton alipomteua balozi wa Marekani nchini Jamaika mwaka 1993, afya haikumruhusu. Alifariki Florida tarehe 1 Januari 2005. Nishani ya Rais ya Uhuru ilitolewa kwa jina lake mwaka 2015, na wakati huo SEEK ilikuwa inakaribia miaka 50, bado inapokea vijana ambao alama zao za sekondari hazikutosha.